Mtoto wa Rehani

Tina alipokuja likizo kutoka Ujerumani, ambako anafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee, alimletea mama yake soksi nzito zisizofaa kabisa kwa joto la Bagamoyo, chokoleti zilizoyeyuka njiani, na kikasha cheupe chenye kichupa ndani yake. Akamwambia ateme mate kwenye kichupa mpaka yafike kwenye alama. Mama yake alicheka kwanza, akidhani anataniwa.

Mama huyo jina lake ni Gertruda, lakini sisi majirani zake wa Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, tunamwita Mama Tina. Ni mjane. Anashona mito na magodoro ya sufi barazani kwake, na ukimkuta kazini utadhani nywele zake zimeota mvi zaidi ya umri wake, kumbe ni sufi iliyomrukia. Si mtu wa maneno mengi. Akiulizwa kabila, hujibu kwamba wao ni watu wa misheni, kisha hugeuza mazungumzo, kwa kuwa swali hilo halina jibu jingine kwao.

Ukoo wao ulianzia kwa mwanamke mmoja, Salome, mama wa bibi yake Gertruda, bibi mzaa mama. Salome aliletwa kwa mapadre akiwa mtoto mdogo, miaka ya mwisho ya biashara ya watumwa, kabla Wadachi hawajaishika nchi. Mapadre walimkomboa, wakambatiza, akakulia kwenye kijiji cha misheni, akaolewa hapo hapo na kijana aliyekombolewa kama yeye. Alisema yeye ni Mmanyema, alitembea miezi na miezi kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika mpaka pwani. Habari hiyo aliitunza zaidi Fransisko, kaka yake Gertruda, aliyekuwa katekista kwa miaka mingi. Fransisko akiisimulia, unamwona yule mtoto akivuka mito na kulala porini, na wewe msikilizaji unatikisa kichwa. Nyumba yao haikuwa na mji wa asili wala ng'ombe wa urithi, lakini ilikuwa na safari ile. Waliishika kama watu wengine wanavyoshika jina la ukoo.

Kichupa kilitokana na mtoto wa Tina. Huko shuleni kwake aliambiwa achore ukoo wake, upande wa baba ukajaa majina mpaka karatasi ikaisha, upande wa mama mistari yote ikaishia kwa Salome na pembeni yake hakuna kitu. Mtoto akauliza Salome mama yake nani. Tina akaenda na swali hilo kazini. Wenzake wakamwambia kuhusu kampuni zinazopima vinasaba, kwamba unapeleka mate tu, nao wanakutafutia watu wenye damu moja na wewe waliopima kama wewe. Gertruda hakuamini hata kidogo. Alitema mate kumridhisha mwanawe, akaosha mdomo, akarudi kwenye mashine yake ya kushonea.

Majibu yalikuja Tina akiwa ameshaondoka. Alipiga simu ya video, akamwonyesha mama yake ramani kwenye kompyuta. Palipopakwa rangi nzito ni pwani na sehemu za karibu na pwani. Ng'ambo ya ziwa hapakuwa na rangi.

"Kompyuta haimjui Mkwere wala Mzigua, mama," alisema Tina. "Inajua tu damu inafanana na ya watu wa wapi. Lakini kuna mtu imemtaja. Ni ndugu yako kabisa, wa mbali kidogo lakini ndugu. Msichana anasoma Sweden, anaitwa Sihaba. Nimemwandikia, amenijibu. Anasema mama yake yuko Lugoba."

Gertruda aliuliza Lugoba gani. Tina akamwambia Lugoba anayoijua, hiyo hiyo ya barabara ya Segera.

Mtu mwingine angefurahi. Gertruda hakufurahi. Lugoba ni mahali anaponunulia sufi. Ni mahali pa kwenda asubuhi ukarudi na kupika chakula cha jioni. Alikaa siku kadhaa bila kugusa kazi, wateja wakija anawaambia sindano imevunjika. Baadaye alinieleza kwamba alijiona kama mtu aliyeibiwa. Maisha yake yote alibeba ile safari ya miezi, mito na misitu, na sasa mashine ya Ulaya inamwambia kwamba safari ilikuwa ya siku tatu nne kwa miguu. Na kama ni kweli, basi kwao Salome palikuwa karibu kiasi hicho, na hakuna mtu aliyemfuata.

Fransisko alikasirika. Alisema mate yameharibika njiani, au yamechanganywa na ya mtu mwingine, na hata kama hayakuharibika, yeye hawezi kumwacha mama wa bibi yake akaufuata mtandao. Walinuniana mpaka Jumapili, wakakaa mabenchi tofauti kanisani.

Namba ya simu ya mama yake Sihaba ilikaa kwenye simu ya Gertruda muda mrefu. Mwishowe aliyepiga ni huyo mama mwenyewe. Anaitwa Mwajabu, mjane kama yeye, mkulima wa ufuta na mihogo. Baada ya salamu na kuulizana hali za watoto, Mwajabu alimuuliza maswali machache: huyo bibi mzaa bibi alifika misheni akiwa na umri gani, alikuwa peke yake au na mwenzake, alifika mwaka wa njaa au mwaka wa shibe. Gertruda alimjibu alichojua, kwamba alikuwa mtoto wa kung'oa meno ya mbele, na alikuwa peke yake. Kisha Mwajabu akamkaribisha Lugoba, akamwambia lazima aonane na mjomba.

Akaenda. Alipanda gari la Msata, akabadilisha pale, akashuka Lugoba kwenye vumbi jeupe la malori ya kokoto. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na kubeba mto mpya wa sufi kama zawadi. Mwajabu alimpokea kituoni. Gertruda aliniambia kwamba alimtambua kabla hajapungiwa mkono, kwa vile alivyosimama na kiganja kiunoni kama mama yake mzazi alivyokuwa akisimama akimngoja mtu. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono, wakaendelea kushikana mpaka wakafika nyumbani.

Mjomba aliitwa mzee Muhidini. Kwa Wakwere mtu hufuata ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mzee Muhidini alikuwa mjomba wa ukoo mzima, ameshapita miaka themanini, mrefu, kanzu yake imepigwa pasi. Gertruda akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba vizuri, akaulizwa habari za safari, za nyumbani, za afya. Kisha Mwajabu akaeleza habari yote, kuanzia mate mpaka Sihaba. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatisha.

"Katika ukoo huu hakuna mtoto aliyewahi kupotea," alisema. "Na kama umekuja kwa ajili ya shamba, aliyekutuma angekwambia mapema kwamba bado tunazungumza na wenye kokoto. Hakuna kilichogawanywa."

"Mjomba, mimi sikujua kama mna shamba," alisema Gertruda.

"Basi sasa umejua."

Ilikuwa hivi: kampuni moja ya kokoto ilikuwa inataka kilima kilichomo katika shamba lao, na tangu habari hiyo itoke, ndugu wa kila aina walikuwa wameanza kujitokeza. Gertruda hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba ameketi kwenye mkeka wa watu, na gauni lake la Pasaka, na anaonekana tapeli. Alikula chakula alichowekewa kwa kuwa kukiacha ni utovu wa adabu, akashukuru, akaaga. Njiani kurudi kituoni Mwajabu alitazama chini tu. Alimtilia ufuta kwenye mfuko, akamwambia asiwe na haraka ya kufuta namba yake.

Gertruda alipofika nyumbani alimpitia Fransisko, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, Lugoba hakuna ndugu. Fransisko alitegemewa kushangilia. Badala yake alimtazama dada yake usoni, akamchemshia chai.

Ikapita miezi. Karibu na Ramadhani Mwajabu alibisha hodi Magomeni bila taarifa, na kikapu cha mihogo. Gertruda alimkaribisha ndani, akamtandikia. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kuchukua godoro langu. Nilitaka kuondoka, lakini Gertruda alinishika mkono nibaki, nadhani aliogopa kusikia peke yake.

Mwajabu alisema kwanza kwamba alichokuja kukisema ni habari ya wanawake wa ukoo, wanaume huijua lakini hawaitamki. Zamani hizo, alisema, ilikuja njaa iliyowamaliza watu. Watu walikula mizizi, walikula ngozi. Palikuwa na mwanamke mwenye mabinti wawili. Kaka yake, yaani mjomba wa watoto wale, alimchukua yule mdogo akaenda naye pwani, akamweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja ili apate mtama. Haikuwa kuuza. Makubaliano yalikuwa kwamba wakivuna atarudi na mtama mara mbili, amchukue mtoto wake. Mjomba alikuwa na haki hiyo kwa mila za wakati ule, na mtama ule ndio uliomponya yule binti mkubwa na mama yake.

Mvua zikanyesha, wakavuna. Mjomba akabebesha watu mtama, akateremka nao mpaka Bagamoyo. Yule mfanyabiashara akamwambia mtoto hayupo. Hakusema yuko wapi, kafa au kauzwa. Mjomba alizunguka mji akiuliza, hakuna aliyemwambia kitu, akarudi kwao na mizigo ya mtama kama ilivyotoka.

"Mama yake aliukataa mtama ule," alisema Mwajabu. "Alisema hautapikwa nyumbani kwake. Ukakaa ghalani mpaka ukaliwa na fukusi, na watu bado wana njaa ya jana."

Yule binti mkubwa ndiye bibi yake mzee Muhidini, na kutoka kwake kwa mama hadi mama akaja Mwajabu. Kila mwaka kabla ya mfungo, wanawake wa ukoo wanapokwenda kufyeka makaburi na kuyanyunyizia maji, huwataja marehemu wao mmoja mmoja, na mwisho hunyunyiza maji mahali patupu pembeni, wakisema: na mtoto wa rehani, popote alipolala. Mwajabu alisema maneno hayo aliyafundishwa na bibi yake, naye akamfundisha Sihaba, na siku Sihaba alipompigia simu kutoka Sweden kumwambia kuhusu ndugu wa misheni ya Bagamoyo, aliketi chini uani pale pale alipokuwa.

Gertruda alimuuliza mtoto yule aliitwa nani.

"Hatujui, dada yangu. Mama yake alikataza jina lake asipewe mtoto mwingine mpaka mwenyewe arudi. Basi likafa."

Nilimwona Gertruda akiushika ukingo wa meza. Hakulia. Alisema tu kwamba aliitwa Salome, na kwamba alizaa watoto sita, na kwamba alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Mwajabu akamwomba arudie. Akarudia polepole, na Mwajabu akawa anatikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayepokea vitu mkononi.

Baada ya Idi, Mwajabu alipiga simu kusema kwamba mjomba anataka kuja. Hakuwa ameambiwa aje. Mwajabu alimweleza tu kwamba kaburi lipo, linajulikana, lina msalaba na jina, na baada ya siku nyingi yeye mwenyewe akaomba apelekwe.

Gertruda alijiandaa kama mtu anayengoja wakwe. Kuku alimpeleka kwa jirani Mwislamu amchinje, ili wageni wasiwe na shaka. Fransisko alisema haendi makaburini, akavaa shati jeupe, akaenda.

Makaburi ya misheni yana kivuli na ardhi yake ni mchanga. Kaburi la Salome liko upande wa nyuma, msalaba wake ulishabadilishwa mara mbili. Mzee Muhidini alivua viatu vyake akiwa bado mbali, akatembea peku mpaka mbele yake, akachuchumaa kwa kusaidiwa. Alianza kuzungumza kwa Kikwere. Alizungumza muda, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake sababu ya kuchelewa. Mwajabu hakututafsiria, nasi hatukumuuliza. Kisha akageuka kwa Gertruda, akasema kwa Kiswahili:

"Aliyempeleka ni mjomba wa bibi yangu. Mimi leo nimekaa kwenye nafasi yake. Siku ile nilikukana kwa ajili ya aibu, si kwa ajili ya shamba." Akautazama msalaba. "Na shamba pia, nisiseme uongo mbele ya kaburi. Nakuomba unisamehe, na utusamehe kwa hili la kwake."

"La kunikana limekwisha, mjomba," alisema Gertruda. "La kwake siwezi. Mimi sikupelekwa, aliyepelekwa ni huyu, na simsemei. Lakini chakula kiko tayari nyumbani, naomba mje mle."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilidhani ameudhika. Baadaye Mwajabu aliniambia kwamba njiani alisema jibu lile ni la mtu wa ukoo wao, wanawake wao hawasamehi kirahisi, na alilisema kwa namna ya kuridhika.

Fransisko ndiye aliyenishangaza. Alikuwa amesimama nyuma muda wote, mikono mgongoni. Alimsaidia mzee kuinuka, akampangusia mchanga kwenye kanzu, kisha akamuuliza kama ni kweli yule mjomba alirudi na mtama. Mzee akasema ni kweli, aliwahi kuonyeshwa na bibi yake mahali ghala lilipokuwa. Fransisko akatazama upande wa majengo ya misheni, akasema taratibu kwamba basi huenda siku ile mtoto alikuwa hapa hapa, anafundishwa sala, na mtu wake anapita barabarani anamuulizia. Wakaondoka, mzee amemshika Fransisko mkono.

Wageni walipokwisha kwenda, ndugu wawili walibaki barazani. Fransisko alitaka kujua kwa nini Salome alisema Manyema. Labda aliwekwa pamoja na watoto wa Kimanyema akajifunza habari zao, alisema. Labda alikuwa mdogo mno. Gertruda alifikiri, akasema kwamba yeye haoni hivyo. Mtoto akisema katoka mbali, hakuna atakayemuuliza mbona kwenu hawaji. Ng'ambo ya ziwa hakuna anayeweza kuja. Lugoba wangeweza kuja kila siku, na hawaji. Fransisko hakubishana. Tangu siku ile bado anaisimulia safari ya Manyema watu wakimuuliza, lakini husema ni safari aliyoisimulia Salome, na akimaliza huongeza habari ya mtama. Nimemsikia mara nyingi, na hiyo sehemu ya pili anaisimulia vizuri zaidi.

Usidhani mambo yakawa asali baada ya hapo. Katika lile suala la kilima, Gertruda aliitwa kwenye kikao cha ukoo, kwa kuwa yeye ni wa ukoo kwa upande wa mama, na kwa umri ni mkubwa kuliko Mwajabu. Alikwenda akasema kilima kisitolewe, watu wa kokoto wakishapasua hawarudishi. Walimkatalia wazi wazi, vijana wakamwambia yeye anakaa pwani hajui dhiki ya shamba. Akarudi amekasirika, akasema hawatamwona tena. Tina alicheka sana kwenye simu aliposikia.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo mzee Muhidini alipompigia asubuhi moja. Sauti yake ilikuwa kali mpaka mimi niliyekuwa upande wa pili wa baraza niliisikia. Mama mdogo mmoja wa ukoo, Bi Shufaa, alikuwa amefariki Vigwaza tangu jana yake, na watu wa ukoo wote wameshafika.

"Umefiwa, na wewe uko Bagamoyo unashona!" alisema.

Gertruda alimjibu kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba hamjui huyo Bi Shufaa, hajawahi kumwona. Mzee akasema atamwona wapi kama hasafiri, akakata simu. Gertruda alikaa na simu mkononi, uso umemwiva. Alisema maneno kadhaa juu ya wazee wasio na shukrani. Halafu akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga mbili, akaniomba nimfungie mlango na kumwambia Fransisko afuate na gari la mchana.

Alipita njia ya Mlandizi, akafika Vigwaza maziko yakiwa bado. Aliniambia kwamba hakupata hata nafasi ya kueleza yeye ni nani. Wanawake waliokuwa uani walimwonyesha beseni la mchele, akaketi, akaanza kuchambua. Binti wa marehemu, Esha, alipopita na macho yake mekundu, Gertruda aliinuka kumpa pole, na Esha akamwegemea begani akalia hapo, bila kuuliza, mpaka wakamwita ndani kwa ajili ya kuosha maiti. Gertruda akarudi kwenye mchele wake. Ulikuwa na mawe mengi, na moshi wa kuni ulikuwa unamjia usoni, akamwambia yule mama aliyekaa karibu naye asogee kidogo.